Tabitha Hakusema Ndiyo

Dada yangu Tabitha aliponiambia kwamba intaneti ya nyumba anayopanga kule Kayseri inakatikakatika, nilicheka. Nilidhani hiyo ni shida yetu sisi wa Musoma.

"Uturuki nako?" nikamuuliza.

"Uturuki nako. Ruta yetu ina taa nne, Chrispin. Tatu zinawaka vizuri. Ya nne inafanya inavyotaka."

Anaishi na wasichana wengine watatu, ghorofa ya tano. Mkataba wa intaneti ni wa mwenye nyumba, ruta iko ukutani kwenye korido, na hawaruhusiwi kuihamisha. Akiwapigia kampuni, sauti ya mashine inamwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Akibahatika kupata mtu, mtu huyo anamwambia azime, ahesabu hadi thelathini, awashe. Ameambiwa hivyo mara nyingi mno, na kuhesabu hadi thelathini ndicho Kituruki cha kwanza alichokijua vizuri. Siku moja fundi alifika, akautazama ukuta, akanywa chai waliyomwandalia, akaondoka. Taa ya nne ikaendelea na mambo yake.

Mwaka mzima tumezungumza kwa vipande. Nusu ya maneno yetu ni "unanisikia?" na "rudia hapo." Misa ya kumbukumbu ya mama aliisikia hadi kwenye Injili, halafu ikakata, akarudi watu wakiwa wanaosha sahani. Siku ile alilia, na kilio chenyewe nacho kilinifikia kwa vipande. Nilitamani kukivunja kitu, lakini sikujua nivunje nini. Mtandao hauna mlango wa kupiga teke.

Ikaja habari ya Thadeo.

Thadeo ni kijana wa Bunda, afisa kilimo wa mambo ya pamba. Yeye na Tabitha walianzana chuoni Morogoro, na sote nyumbani tulijua. Mwaka huu baba yake, Mzee Mayala, akaamua kwamba amesubiri vya kutosha. Akatuma mshenga Butiama kwa baba yangu, Mzee Baltazari, na baba akapanga siku: Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, watu wa Bunda waje na ng'ombe, na Tabitha aulizwe mbele ya wazee.

Tatizo ni kwamba Tabitha alikuwa amebakiza miaka miwili ya shule, na watu wa Bunda walitaka harusi mwezi wa nane.

"Nampenda Thadeo," aliniambia siku ya Alhamisi. Nilikuwa kazini Iringo, mjini Musoma, kwenye duka la steshenari, natoa fotokopi huku simu nimeibana begani. "Lakini mwaka huu sirudi. Nitamaliza shule, ndipo nirudi niolewe. Wakikubali hilo, ng'ombe waingie. Wasipokubali, warudi nao Bunda."

"Niseme kwa niaba yako, dada? Nimwambie baba mapema?"

"Baba nilimgusia mwezi uliopita. Alisema mambo hayo husemwa siku yake, akaniuliza habari za baridi. Na wewe usinisemee. Tangu mama afariki, watu wananisemea. Hili nitalisema mwenyewe, wakiniangalia usoni."

"Na Thadeo?"

"Thadeo anajua. Nimemwambia mara tatu."

Nikamwahidi kwamba sitasema. Nilichoahidi zaidi ni kwamba atasikika.

Nikaanza kupigana na mtandao. Nilimwomba aende maktaba ya chuo, akasema kule mtu hata kukohoa anatazamwa. Nikamwambia kuna mgahawa karibu na kwao wenye intaneti nzuri, mwenyewe aliwahi kuusifia, aende akae pale. Tabitha alikubali. Aliyekataa ni shangazi Marcelina, dada wa baba, aliyetulea baada ya mama.

"Aulizwe mgahawani?" shangazi alisema. "Kama anaagiza chipsi? Msichana anaulizwa akiwa nyumbani anakolala, amejifunika khanga, ameketi. Huko barabarani anaulizwaga nani?"

"Shangazi, mtandao wa nyumbani kwake ni mbovu."

"Basi autengeneze. Si ndiko anakosomea uhandisi?"

"Uhandisi wa maji."

"Maji, umeme, vyote si vinapita kwenye bomba."

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Shangazi ndiye aliyekuwa akimfundisha Tabitha kwa simu namna ya kuketi na namna ya kujibu: kichwa chini kwanza, macho yainame, halafu ndipo useme. Katika ukoo wetu msichana asiyetaka huinuka, akaondoka bila neno, na kazi imeisha. Anayebaki ameketi, ameinamisha macho, huyo amekubali. Bibi zangu wote waliolewa bila kufungua mdomo, na wanajisifia hivyo mpaka leo.

Upande wangu nilijitahidi. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya kampuni ya simu pale Iringo, nikalipia ruta ya nyumbani, ile ya laini. Kijana aliyenihudumia aliniapia kwamba inashika mpaka Butiama. Siku ya Ijumaa nikapanda nayo hadi nyumbani, nikaijaribisha kila kona, mwishowe nikaifunga juu ya mnara wa simtanki la maji, ambako ilishika vizuri. Nikaazima kompyuta ya dukani. Neno la siri la waifai sikumpa mtu yeyote, hata mtoto wa baba mkubwa aliyenifuata mpaka chooni akiliomba.

Jumamosi watu wa Bunda walifika kwa wakati. Walikuja na basi dogo la kukodi, na nyuma yao Fuso ya ng'ombe. Ng'ombe walishushiwa barabarani, wakaswagwa taratibu hadi mbele ya boma letu, wakasimama wakitafuna majani ya fensi ya baba. Mzee Mayala alikuwa mrefu, mkimya, ana koti zito licha ya jua, na fimbo ambayo hakuiacha hata wakati wa sala. Thadeo aliketi nyuma, katikati ya vijana wao, akiwa na suti ya bluu. Bwana harusi siku hiyo hazungumzi. Huo nao ni utaratibu.

Shangazi alikuwa ameweka kiti katikati ya uwanja, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, juu ya kitambaa kompyuta. Tabitha alipotokea kwenye kioo, amejifunika khanga, nyuma yake ukuta mtupu wa chumba chake, wanawake walinyamaza. Kwa dakika moja ilikuwa kama yuko pale. Baba alijipangusa uso kwa kofia yake.

Baba mkubwa Makongoro, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akasimama mbele ya kiti.

"Tabitha, binti ya Baltazari. Watu wa Bunda wamekuja na ng'ombe. Unawajua?"

"Nawajua, baba mkubwa." Sauti ilitoka safi. Nilitazama ruta juu ya simtanki nikashukuru.

"Wanasema kuna kijana wao mliyepatana. Ni kweli hiyo?"

"Ni kweli, baba mkubwa. Lakini nina neno—"

Akainamisha macho, kama alivyofundishwa, ili alitoe hilo neno kwa heshima. Na hapohapo picha ikaganda.

Ingeganda vibaya, ikavunjikavunjika uso ukawa vipande vya rangi, kila mtu angeelewa. Iliganda vizuri, kama picha ya studio. Khanga imekaa sawa, shingo imeinama, macho yameelekea chini, na pembeni mwa mdomo kitu kinachofanana na tabasamu. Hata kile kiduara cha kuzunguka hakikutokea.

"Tupokee?" baba mkubwa akauliza.

Kimya. Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

"Baba mkubwa," nikasema, "mtandao umekata."

"Nyamaza. Anafikiri."

"Hafikiri, picha imeganda. Tazama, hata hapepesi macho."

"Msichana mwenye adabu apepese macho mbele yangu?" Watu wakacheka. Akaelekea kwenye kioo tena. "Tabitha, tupokee?"

Niliruka nikabonyeza nilichoweza kubonyeza. Shangazi akanishika mkono, akanivuta pembeni kama mtoto anayechezea mishumaa kanisani. Nilikuwa namwambia asubiri, dakika tano tu, na yeye ananiambia nisimwaibishe mbele ya wakwe.

"Mara ya tatu na ya mwisho," baba mkubwa alisema. "Tabitha binti ya Baltazari, tupokee?"

Wakangoja. Lazima niseme ukweli kwamba walingoja vya kutosha, kwa nia njema kabisa, wazee ishirini wakiwa wamekitazama kioo kile. Na kioo hakikuinuka. Kioo hakijui kuinuka.

"Hajaondoka," baba mkubwa akasema. "Mmeona wote."

Shangazi Marcelina akapiga kigelegele, na wanawake wote wakamfuata.

"Alisema ana neno," nikapiga kelele katikati ya ile kelele. "Mmesikia wote. Alisema lakini nina neno."

"Neno la msichana siku hiyo ni aibu tu," baba mkubwa akanijibu, mkono begani kwangu, hata bila hasira. "Wewe umesoma kompyuta, mwanangu. Sisi tumesoma watu."

Vijana wakaanza kupiga miluzi, na ng'ombe wakaingia bomani, mmoja baada ya mwingine. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Tabitha, kisha mwingine, kisha mwingine.

*Nilikuwa nawasikia wote. Ninyi ndio hamnisikii.*

*Nimepiga kelele mpaka jirani amegonga ukuta.*

*Umezima sauti yangu Chrispin?*

Na wa nne, ambao niliusoma mara mbili kwa sababu sikuamini: *Ni kwa ajili ya Justina?*

Naomba nieleze hapa. Justina ni mchumba wangu, tunasali pamoja Nyakato, na wazazi wake wananisubiri mimi kwa mwaka wa pili sasa. Kwetu ng'ombe wanaotolewa kwa dada ndio wanaomwolea kaka. Mimi na Tabitha tuko wawili tu. Ng'ombe wale waliokuwa wanaingia bomani, wakinipita wakinipulizia pumzi zao za moto, walikuwa ng'ombe wangu. Kila mtu pale uwanjani alijua. Tabitha alijua. Mtandao mmoja mbovu, kwenye korido moja ghorofa ya tano, ulikuwa umemfanya dada yangu aamini kwamba nimemuuza.

Nilijaribu kupiga. Haikupatikana. Nikajaribu kwa kompyuta, ikaandika kwamba inaunganisha upya, ikaandika hivyo mpaka nikatamani kuitupa kisimani. Nikaandika ujumbe: *Siyo mimi. Piga simu ya kawaida. Piga sasa.* Ukabaki na alama moja.

"Mti, Chrispin," baba akaniita.

Lango la boma letu linafungwa kwa mti mmoja mnene, umelainishwa na mikono ya miaka mingi. Siku ya ng'ombe wa mahari, ndugu wa kiume wa msichana ndiye anayeulaza. Kabla hajaulaza, ng'ombe wale bado ni wageni. Akishaulaza, wamekuwa wa mji huo, na msichana amekuwa mke wa watu. Nimefunga lango lile tangu nina miaka kumi, jioni kwa jioni, bila kuwaza chochote.

Niliuchukua mti. Nikausimamisha mbele yangu, nikaukumbatia, nikasimama katikati ya lango.

"Ulaze," baba akasema.

"Silazi, baba."

Vigelegele vikapungua, halafu vikaisha.

"Unasemaje?"

"Tabitha hakusema ndiyo. Alikatwa na mtandao. Mpaka aseme mwenyewe, mti huu haulali."

Baba yangu ni mpole. Sijawahi kumwona akinitazama vile. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie, "Hizo ng'ombe ni zako wewe. Ndizo zitakazomleta Justina. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi ulaze, tule chakula."

"Baba, ulimuuliza habari za baridi." Niliukumbatia mti zaidi. "Alipokugusia mwezi uliopita, alikuwa na jambo la kukuambia, wewe ukamuuliza habari za baridi."

Mmoja wa watoto wa baba mkubwa alikuja anipokonye mti, nikamsukuma, akaanguka kwenye samadi na shati lake jeupe. Baba mkubwa akasema basi alaze yeyote, yaishe. Lakini shangazi Marcelina akasema hapana.

"Mtoto wa tumbo moja peke yake. Akilaza mwingine, tumeiba."

Hata katika hasira zangu niliona kwamba ameanza kunitazama kwa namna nyingine.

Ng'ombe walikuwa wanataka kutoka. Nilikuwa nawazuia kwa mgongo na kuwazuia wazee kwa mti, na jua lilikuwa limenifika kichwani. Ndipo nikamwona Thadeo. Alikuwa bado ameketi, miguu pamoja, anatazama viatu vyake. Na hapo hasira yangu yote, ya kampuni ya Uturuki na ya kijana wa Iringo na ya picha ile yenye adabu, ikapata mtu wa kumwendea.

"Shemeji," nikamwita. "Wewe unalijua lile neno."

Akainua uso. Watu wa Bunda wakageuka.

"Leo mimi sina ruhusa ya kusema, Chrispin. Unajua utaratibu."

"Alikuambia mara tatu."

"Si mahali pake hapa."

"Dada yangu hana mtandao," nikasema. "Wewe umekatwa na nini?"

Alifumba macho. Mzee Mayala alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Alikitegemea kile kimya chake kama alivyoitegemea fimbo.

Simu iliita wakati huo. Haikuwa yangu. Ilikuwa kitochi cha shangazi, ndani ya blauzi yake, kinapiga muziki wa kwaya. Akakitoa, akakitazama kwa mbali.

"Namba ndefu hii. Ya wapi?"

"Pokea, shangazi. Weka sauti kubwa."

"Shangazi." Nyuma ya sauti ile kulikuwa na honi za magari na watu wakizungumza lugha ya kule. "Shangazi, niko barabarani. Nimeshuka kwa ngazi ghorofa tano, nimeazima simu ya mwenye duka la mboga. Mnanisikia?"

Tulimsikia sote. Alikuwa anahema.

Baba mkubwa akanyanyua mkono. "Sauti siyo mtu. Mtu nilimwona pale, ameketi. Hii nitajuaje ni ya nani?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini shangazi aliniwahi. Alikileta kitochi karibu na mdomo wake kwa mikono miwili.

"Wewe unayezungumza. Mama yake Tabitha alizikwa na khanga yangu gani?"

Honi zikapita. "Ya njano," sauti ikasema. "Ile uliyoiunguza na pasi pembeni. Mjumbe alitaka kwenda dukani kuleta mpya. Ukakataa, ukasema mama aliipenda vile vile na alama yake."

Shangazi aliketi chini, pale pale kwenye majani, kitochi mkononi.

"Ni yeye," akasema. "Mwanangu, nilikuona umeketi."

"Niliketi kwa sababu uliniambia niketi. Nilikuwa nasema, shangazi. Nilisema mpaka koo limeniuma."

Hakuna aliyetikisika. Hata ng'ombe, sijui kwa nini, walitulia. Na Tabitha, akiwa amesimama barabarani mbele ya duka la mboga, bila khanga, mahali ambapo shangazi alisema msichana haulizwi, alilitoa neno lake lote. Kwamba anampenda Thadeo. Kwamba mwaka huu hataolewa. Kwamba ni miaka miwili, na baada ya hapo atarudi kwa miguu yake mwenyewe. Kwamba wakitaka ng'ombe wao warudi, warudi, na hatamchukia mtu.

"Na Thadeo yupo hapo," akamalizia. "Asimame aseme kama hakujua."

Thadeo akasimama. Suti yake ilikuwa imeshika majani kwa nyuma.

"Alisema," akasema. "Mara tatu."

"Ukaniacha nikapakia ng'ombe?" Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Mzee Mayala kufungua mdomo tangu sala. "Ukaniacha nikavaa koti hili?"

"Niliogopa, baba. Nilidhani wakishaingia bomani, na yeye atabadilisha mawazo."

"Ulidhani." Mzee alilirudia neno hilo kama mtu anayelionja aone kama limechacha. Akaja mpaka kwa shangazi, akainama kwa shida mpaka kwenye kitochi. "Binti. Mimi ni Mayala."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ungeniambia mimi, ningekasirika. Sasa nimekasirika mara mbili, na moja siyo yako. Miaka miwili ni mingi kwa mtu wa umri wangu. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwepo, wala kwamba nitakubali. Lakini ukiwa na neno lingine, niambie mimi. Usimpe huyu alibebe."

"Nimesikia, baba."

"Na mtengeneze huo mtandao wenu. Watu wazima tumepigia picha vigelegele."

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka. Mzee Mayala alinisogelea langoni, akaugusa mti wangu kwa ncha ya fimbo yake, nami nikasogea pembeni. Akaingia bomani, akawatoa ng'ombe wake mwenyewe, kwa mluzi mwembamba ambao waliuelewa. Walinipita tena, wakirudi walikotoka. Sitaki kujifanya kwamba haikuniuma. Nilimwona Justina katika kila mmoja wao, akiondoka taratibu kuelekea kwenye Fuso. Mti niliuegesha kwenye fensi. Boma likabaki wazi.

Chakula kililiwa, kwa sababu watu wa Bunda ni wageni na kilikuwa kimeshapikwa. Sato walikaangwa, ugali ukasongwa, lakini palikuwa kimya kama matanga. Baba hakunisemesha. Thadeo alikuja kunipa mkono wakati wa kuondoka, nikampa wangu, ila sikumwita shemeji.

Jumatatu niliirudisha ruta pale Iringo. Kijana yule aliniuliza ina tatizo gani. Ruta ile haikuwa na kosa, na mimi nilikuwa bado namtafuta wa kumgombeza. Mwishowe nikamwambia haina tatizo. Akanijibu kwamba isiyo na tatizo hairudishwi, ikabidi niondoke nayo.

Justina nilimweleza yote, nikiwa nimejiandaa kwa machozi. Aliuliza swali moja tu: kama mimi ningeulaza ule mti, yeye angejuaje siku yake itakapofika kwamba kuna mtu atakayemsikiliza. Wazazi wake hawakuwa wepesi hivyo. Wametupa mwaka.

Tabitha aliniandikia kwamba nimsamehe kwa lile la Justina. Sikumjibu siku hiyo, wala iliyofuata. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyokuwa na mtu yeyote, na nilitaka kwanza ipungue, nisije nikasema kitu ambacho mtandao ungekifikisha salama.

Jumapili mchana akapiga, kwa video, kutoka chumbani kwake. Thadeo amekuwa akimpigia kila siku, akasema, na yeye bado hajaamua apokee au asipokee. Baba naye alikuwa amempigia, mara ya kwanza tangu aende, kwa simu ya kawaida, dakika mbili tu.

"Alisema nini?"

"Aliniuliza habari za baridi," akasema. "Halafu akaniuliza, na mambo mengine? Akanyamaza, Chrispin. Akanisubiri kweli. Mimi nikamwam—"

Picha ikaganda. Mdomo wazi, mkono hewani.

Sikukata. Niliiweka simu mezani, nikaiegemeza kwenye kikombe, nikaanza kuhesabu kwa Kituruki, polepole, kama alivyonifundisha. Nilikosea kwenye kumi na saba, nikarudia. Nilipofika thelathini mkono wake ulishuka.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, dada. Ulimwambia nini?"